Mabula, farasi aende a5

Mabula ndugu yangu,

Mwangaluka! Za Nansio, mama hajambo? Huku Kirumba wazima, Kulwa anakusalimia. Picha ya karatasi ya mchezo wako wa sataranji imefika, nami naandika mbio kwa sababu Jumamosi unakaa tena na yule kijana wa Igoma. Atacheza vilevile. Kwa nini abadilishe?

Ufunguzi ni ule wa Kiitalia, yeye mweupe anaanza, wewe mweusi unajibu (herufi na namba ni mraba kete inakokwenda, bila jina la kete ni askari): e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4. Ulipojibu farasi f6, farasi wake akaruka g5, sasa farasi na askofu wake wote wanaiwinda f7, inayolindwa na mfalme peke yake. Kusukuma d5 ulifanya sawa kabisa. Alipokula d5 ndipo ulipoharibu, ukarudishia kwa farasi! Farasi wake akala f7, mfalme wako akamla, malkia akatoka f3 kwa cheki, yaani kumtishia mfalme, ikabidi mfalme apande e6 ili amlinde farasi wa d5. Una kete moja ya ziada, ndiyo, lakini mfalme yuko katikati ya ubao na wenzake wamelala. Akija farasi c3, yule wa d5 hatoki, amefungwa mbele ya mfalme: akiondoka, askofu wa c4 anampiga mfalme. Waitalia wanaujua mtego huu tangu enzi za Polerio, mchezaji wao wa zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Kwa hiyo usile d5. Farasi wa c6 aende a5, amguse askofu. Askofu atapiga cheki b5, ziba kwa askari c6. Askari wake wa d5 akimla, rudishia kwa askari wa b. Umepungukiwa askari mmoja, usihuzunike: askofu wake lazima akimbie tena. Akirudi e2, cheza h6, farasi arudi f3, kisha e4 umfukuze mara ya pili. Unacheza wewe, yeye anakimbia. Ila angalia, badala ya kukimbia anaweza kuleta malkia f3. Usikurupuke kumla askofu wa b5, malkia ataifikia ngome ya a8. Peleka ngome b8.

Na huyo farasi wa a5 usimsahau pembeni, wengi humwacha huko mpaka mwisho.

Kama hutaki vurugu zote hizi, hatua ya tatu toa askofu c5 badala ya farasi. Akiruka g5, malkia anamla bure. Lakini mimi natamani ucheze a5, Mabula, unaiweza.

Saa mmepewa dakika ngapi kila mmoja? Unavuka na feri ya Ijumaa au ya asubuhi ile ile? Doto anakuja? Ubao una nani, nikuletee wangu tufanye zoezi kabla?

Masanja