Mama anataka kuuona Mlima

Makorora, Tanga
Novemba

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta salama wewe, Baba Salma na watoto. Sisi huku hatujambo, ni mafua ya watoto tu na hili joto unalolijua. Mama Rehema anakusalimu. Fundi wa barabara ya kumi na mbili naye anakusalimu, anasema kile kitambaa chako bado anacho.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga kaka mkubwa yupo sebuleni, na jambo hili sitaki alisikie nusunusu kabla halijakaa sawa. Tena ni refu. Lisome ukiwa umepumzika.

Mama anataka kuja Moshi kuuona mlima. Nataka nimlete Januari, inshallah, na nakuomba utupokee.

Lakini nianze na Maziwe, kile kisiwa cha mbele ya Pangani, maana huko ndiko yote yalikotokea. Ile safari niliyokuwa nakwambia mwaka nenda mwaka rudi, tumekwenda. Picha najua umeshaziona kwa Mama Rehema, lakini picha hazisemi kitu. Unakumbuka mama alivyokuwa akitusimulia tulipokuwa tunachambua mchicha pale uani? Babu alikuwa mvuvi wa Pangani, akienda kuweka dago, ile kambi ya wavuvi, Maziwe siku kadhaa, na kaka zake mama wakipata umri wanachukuliwa. Wakirudi ni hadithi tupu: miti ya mivinje mirefu inayovuma usiku kucha, kasa wanaopanda mchangani kutaga, samaki wanaobanikwa hadi mtu anawachoka. Yeye akiomba aende, anaambiwa mtoto wa kike hachukuliwi dagoni. Akaolewa, akaja Tanga mjini, akatuzaa, akatulea, na kisiwa akawa anakitaja tu.

Basi kusi lilipotulia nikampigia nahodha mmoja pale Pangani. Akatupangia siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa sababu Maziwe ya sasa huendi saa unayotaka wewe. Maji yakijaa fungu lote linazama, yakipwa ndipo mchanga unainuka. Tulitoka Tanga alfajiri. Barabara ya Pangani siyo ile uliyoijua wewe, mwenzangu, ile ya kufika umepakwa vumbi hadi kwenye kope. Kufika ufukweni, magoti ya mama yakagoma kuingia majini, vijana wawili wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakamnyanyua juujuu hadi kwenye boti. Alikaa wima, ameshika mwavuli wake, na watu wote pwani wakampigia vigelegele. Wallahi nililia palepale.

Ndani ya boti hakunyamaza. Akamwuliza nahodha upepo unatoka wapi, mwamba uko upande gani, kwa nini anazunguka nje namna ile badala ya kunyoosha. Yule kijana akamjibu kila swali kwa adabu, halafu akamwuliza, bibi, wewe ni wa nani? Mama akamtajia babu. Kijana akazima mashine kidogo, akamwamkia upya. Jina la babu alilisikia kwa babu yake mwenyewe.

Tukafika kama saa nne asubuhi. Mama Salma, hakuna mti. Hata mmoja. Ni mchanga mweupe, maji ya rangi ya feruzi pande zote, na ndege. Nilikuwa najua, nilishaambiwa, lakini mama nilimwambia kijuujuu tu na sidhani aliniamini. Serikali ilikifanya kisiwa hifadhi mwaka 1975, kasa wakiwa bado wanakwenda kutaga kwa wingi. Baadaye bahari ikaula mchanga, mivinje ikang'oka, ikaisha kabisa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Siku hizi kasa akitaga pale, mayai yanachukuliwa na kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo, maana yakiachwa yanazama.

Nikaogopa. Nikasema moyoni, hapa mama atavunjika moyo, na mimi ndiye niliyemleta. Akavua kandambili, akatembea polepole ameshika mkono wa mwanangu, akamwuliza nahodha dago lilikuwa linawekwa upande gani. Akaonyeshwa. Akatandika kanga, akakaa, akatoa mkate wa kumimina aliokuja nao kutoka nyumbani, akaanza kuwataja kaka zake mmoja mmoja. Wote wametangulia, unajua. Akawasomea Fatiha. Kisha akageuka huku na huku akakitazama kile kifungu cha mchanga, akasema, "Wale walinidanganya. Walisema ni kikubwa!" Akacheka mpaka tukamshika asianguke. Sijapata kumwona mama akicheka vile tangu baba afariki.

Tulirudi kabla maji hayajajaa, na tukiwa njiani mchanga ulianza kufunikwa nyuma yetu. Tangu siku ile nina wazo moja silimalizi. Miaka yote tulipokuwa tunasema mwakani, mwakani, tulidhani ni mama tu anayezeeka na kisiwa kiko pale kinamsubiri. Kumbe nacho kilikuwa kinakwenda. Laiti babu angemchukua siku moja tu, angeikuta mivinje.

Sasa, tukiwa bado majini, mama akasema, "Bado mlima."

Ule wa mlima huenda hukuwahi kuusikia. Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa darasa la pili Pangani. Mwalimu aliwaambia kwamba usiku wa Uhuru mwanajeshi wetu, Alexander Nyirenda, atapandisha bendera na mwenge hadi kileleni Kilimanjaro, na mwenge ule utawaka juu ya nchi nzima. Basi watoto wakatoroka vitandani. Wakapanda pale penye mwinuko ng'ambo ya mto, wakaelekeza macho bara, wakangoja waone moto. Wakangoja hadi mwenzao mmoja akasinzia na mama zao wakaja na fimbo. Mama anasema tangu usiku ule ana deni na mlima. Si kwamba anataka kuupanda. Anataka kuuona tu, kwa macho yake, akiwa amekaa chini anakunywa chai.

Baba alimwahidi. Alikuwa mtu wa reli, kama unavyojua, na Moshi alikwenda na mabehewa ya mizigo hadi akawa na rafiki huko wa kumpa mikungu ya ndizi. Reli hiyohiyo Wajerumani waliianzia hapa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Baba alikuwa akitufundisha stesheni zake kwa mpangilio, Muheza, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Buiko, Same, Kahe, Moshi, nasi tunarudia kwa sauti hadi majirani wanatugombeza. Alisema akistaafu atampandisha mama daraja la kwanza. Kabla hajastaafu treni ya abiria ikasimama. Iliporudi kwenda Moshi, Desemba 2019, baba alikuwa kaburini.

Ndiyo maana mama hataki basi. Nimemweleza kwamba basi linatoka asubuhi hapa na jioni tumefika, na kwamba treni haiingii Tanga mjini, tutalazimika kwenda kuipanda Korogwe usiku. Anajibu neno moja: "Njia ya baba yenu." Nami, nikikwambia ukweli, nakubaliana naye. Nimeambiwa ikitoka Dar mchana inafika Moshi asubuhi. Hebu fikiria, anaamka ndani ya behewa, kunapambazuka, na mlima uko dirishani! Wewe mwenyewe uliniambia alfajiri ndipo unapojifunua kabla mawingu hayajapanda.

Kaka mkubwa hataki kusikia. Anasema mama ana presha, magoti mabovu, na kwamba fedha za kuzurura zingemalizia bati la upande wa jikoni. Sisemi ni mtu mbaya. Bati kweli linavuja, na dawa za mama ananunua yeye kila mwezi bila kulalamika. Lakini daktari nimemwuliza, amesema anaweza kusafiri mradi asikose vidonge na asikae muda mrefu bila kunyoosha miguu. Na fedha si zake. Mchezo wangu wa upatu unatoka Januari na nguo za harusi nilizoshona nimelipwa.

Kinachoniuma ni hiki. Alipofariki Bi Mkubwa wa Duga, uliona mwenyewe. Ndani ya siku moja ukoo ulikodi basi zima, watu wakatoka Dar, Mombasa, Lushoto, masufuria yakapangwa barabarani, michango ikajaa daftari. Na yule bibi miaka yote alikuwa anaomba nauli tu ya kwenda Pemba kumwona dada yake. Nauli! Haikupatikana. Sisi watu wa kuzika tunazika vizuri sana, Mama Salma, hilo halina ubishi. Nataka mama yangu apate lake akiwa hai, akiwa na meno ya kutafunia mkate wake na akili ya kubishana na nahodha.

Na mlima wenyewe nao unakwenda. Nimesoma kwamba barafu iliyokuwepo Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 1912, zaidi ya robo tatu imeshayeyuka. Watu wa huko mmeuzoea, mnaamka nao, labda hamhesabu. Mimi nikisoma hivyo naiona ile mivinje. Kaka akisema tungoje mwakani mama apate nafuu ya magoti, namwuliza, na barafu nayo itapata nafuu? Hajibu. Magoti ya mtu wa umri ule hayapati nafuu, tunayajua.

Kuna mengine anayoyataka, nimeyaandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya nguo. Mapango ya Amboni anataka aingie tena na wajukuu, awaonyeshe popo. Anataka ale machungwa Muheza chini ya mti wenyewe, si ya kununua sokoni. Hayo ni ya karibu, nitayamaliza. Umra nayo ipo, hiyo Mungu ndiye mwenye kualika. Mlima ndio ninaoushikia, kwa sababu ya wewe kuwa huko. Ukihamishwa tena kesho kutwa tutafikia kwa nani?

Mama mwenyewe anajiandaa. Juzi nimemkuta anakunja sweta la baba, lile la reli lenye vifungo vya shaba, anasema Moshi kuna baridi. Nikamwambia Januari ni kiangazi, akasema mlima wenye barafu hauna kiangazi. Nikamwacha alikunje.

Basi nijibu haya, shoga yangu, na usiyajibu kwa haraka. Januari yote mlima unaonekana, au kuna wiki za mawingu? Pale kwenu unaonekana mkiwa uani, au lazima mtu atembee? Kama ni kutembea, ni umbali gani kwa mtu wa mkongojo? Choo chenu ni cha kukaa? Nisamehe kuuliza, lakini kuchuchumaa mama hawezi tena, na kama si cha kukaa nitakuja na kile kiti chake. Kitanda kina urefu gani? Ngazi zipo?

Nyingine: unaweza kupita stesheni ukaniulizia treni inafika siku zipi na saa ngapi hasa? Nasikia ratiba inabadilika, na mvua zikiharibu njia inasimama. Uliza pia kama daraja la kwanza lina kulala, na kama tukipandia Korogwe tiketi tunakata wapi. Baba Salma anamfahamu mtu yeyote mwenye gari la kutupeleka Marangu nusu siku, mtu mstaarabu, asiyeendesha kwa fujo? Mama akishauona kwa mbali najua atataka kuusogelea.

Na hili la mwisho ni gumu. Kaka anakuheshimu, amekuheshimu tangu tuko shule. Unaweza kumpigia? Usimwambie nimekutuma. Mwambie tu unamwalika mama, umekumbuka kuwa aliwahi kukuombea dua na unataka akanywe chai kwako. Nadhani akiusikia mwaliko kutoka kwako hatasema hapana. Nawe kama unaona si sawa niambie waziwazi, nitatafuta njia nyingine.

Nikuletee nini? Dagaa, ngisi wakavu, halua? Salma bado anapenda kashata?

Wako,
Mama Tariq

N.B. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye ndevu nyekundu. Atakupigia akifika. Jibu lako mpe yeye pia, anarudi keshokutwa.