Risala ya Kikundi cha Kusaidiana cha Mama Wajawazito kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi wa kituo chetu,
Wakunga na wauguzi,
Waume zetu, mama zetu na dada zetu mliotusindikiza,
Wanachama wenzangu, mlio na mimba na mliokwisha kujifungua salama,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu katikati ya majukumu yako mengi. Umefika kwa wakati, na kwa wanawake ambao baadhi yao hawawezi kukaa kwenye kiti muda mrefu, hiyo ni heshima kubwa. Wageni rasmi waliokutangulia nao walifika na kutusikiliza. Tunawashukuru huko waliko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na kwa ruhusa yako tutaifupisha zaidi. Kikundi hiki kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Wanawake sita waliokuwa wakikutana hapo kila siku ya mahudhurio waligundua kwamba wana maswali yaleyale, na kwamba wote wanaona haya kuyauliza. Wakaanza kuulizana wenyewe, kisha wakamwomba mkunga awajibu kwa pamoja. Baadaye tukapata katiba, daftari na viongozi. Hapo ndipo tulipotoka.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kila mwanachama leo ana mpango wa kujifungua ulioandikwa kwa mkono wake: atajifungulia wapi, nani atampeleka, nani atabaki na watoto, na ndugu gani wawili wako tayari kumchangia damu. Hilo la damu tunalisisitiza kwa sababu kutokwa damu nyingi ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya mama wazazi duniani, na damu haitafutwi mama akiwa ameshazimia. Tunao mfuko wa nauli ambao tangu uanzishwe haujawahi kumwambia mwanachama asubiri. Tumenunua saa kubwa ya ukutani na kuikabidhi kwa wakunga, nayo imewasaidia wengi wetu kuhesabu dakika kati ya uchungu na uchungu. Tunawahimiza wenzetu waanze kliniki kabla ya wiki ya 12 na wafikishe mahudhurio manane, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2016, na mwanachama anayekosa siku yake hufuatwa nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni zamu ya usiku. Mwanachama akikaribia wiki zake za mwisho, wenzake wawili wanaoishi karibu naye hawazimi simu. Kwa zamu hiyo tuliokoa maisha. Mwenzetu mmoja alipiga simu usiku kuuliza kama kuna dawa ya kichwa, kwa kuwa kilimuuma tangu jioni na sasa alikuwa anaona maluweluwe. Aliyepokea hakumtajia dawa. Alikumbuka dalili za hatari tunazozirudia kila kikao, akajua kwamba hicho huenda ni kifafa cha mimba kinabisha hodi, akamwamsha mwenye gari. Mama yule yuko mbele yako, Mheshimiwa, safu ya pili, na mtoto wake ndiye huyo anayelia. Tunaomba asitolewe nje.

Wapo wanaotuona kama wanawake waliokusanyika kupiga soga. Huko Makwanpur, nchini Nepal, vikundi vya wanawake waliokaa pamoja kila mwezi kujadili matatizo ya mimba na uzazi vilifanyiwa utafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Vifo vya watoto wachanga katika maeneo yenye vikundi vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko katika maeneo yasiyo navyo. Vikao vyao viliongozwa na wanawake wa hukohuko ambao hawakuwa madaktari. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi vikundi vya namna hiyo. Kwa hiyo soga zetu zina kazi, na tunaifanya kwa bidii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa namna ya pekee.

Tangu mwaka 1994 wataalamu wa uzazi wamekuwa wakieleza kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Huko kuamua tumekushughulikia wenyewe kwa vikao vyetu. Kufika tumekushughulikia kwa mfuko wa nauli na zamu. Lakini mlangoni pa chumba cha kujifungulia ndipo kusaidiana kwetu kunapokoma. Tunamfikisha mwenzetu, tunamkabidhi begi lake, mlango unafungwa. Sisi tunabaki nje tukisikiliza sauti na kukisia ni ya nani.

Hatuwalaumu wakunga. Chumba kile kina vitanda vinne na hakina pazia hata moja. Akiingia msindikizaji wa mama mmoja, amewaona wengine watatu wakiwa katika hali ambayo hakuna mwanamke angependa kuonwa na mgeni. Mkunga anayemzuia msindikizaji analinda stara ya wale watatu, na kwa hilo yuko sahihi. Kinachokosekana ni kitambaa na reli ya kukitundika.

Mimi ninayesoma risala hii nilijifungulia humo. Usiku ule mkunga alikuwa mmoja na sisi tulikuwa watatu. Alifanya kazi ya watu wanne, na sitamsahau. Lakini alipokuwa kwa mwenzangu ambaye mtoto alikuwa amekwisha kuonekana, mimi nilikuwa naitazama saa ile ya ukutani, koo limekauka, na hapakuwa na mtu wa kuninyooshea kikombe cha maji. Baada ya kujifungua nilihisi joto likienea chini yangu nikadhani ni kawaida. Mama wa kitanda cha pili, naye akiwa katika uchungu wake, ndiye aliyeona damu na kupaza sauti. Mkunga aliruka. Nikapona. Mheshimiwa, mlinzi wangu usiku ule alikuwa mwanamke ambaye mwenyewe alihitaji kulindwa, wakati dada yangu, mwanachama wa kikundi hiki na anayezijua dalili zote za hatari, alikuwa amekaa nje kwenye ngazi.

Mwaka 1980 ilichapishwa taarifa ya utafiti kutoka Guatemala. Wanawake waliopewa mtu wa kukaa nao wakati wote wa uchungu walijifungua kwa muda mfupi sana kuliko waliokuwa peke yao, na mtu huyo hata hawakuwa wakimfahamu kabla. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zikaonyesha njia ileile: mama mwenye mtu wa kumtegemeza muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi zaidi, na nafasi ya kufanyiwa upasuaji hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, katika uchungu na wakati wa kujifungua. Kama mgeni asiyefahamika alileta tofauti ile, tunaomba ufikirie mwenzako uliyekaa naye miezi saba benchi moja.

Ombi letu ni hili. Tunaomba reli za dari kuzunguka vitanda vyote vinne, na mapazia seti mbili, ili moja ikiwa kwa dobi nyingine iwe imetundikwa. Wakunga wametushauri yawe ya kitambaa kinachovumilia kufuliwa kwa maji ya moto na dawa, kwa hiyo mapazia ya sebuleni hayatafaa, hata yakitolewa kwa moyo mweupe. Tunaomba viti vinne visivyo na sponji, vinavyofutika. Na tunaomba agizo la maandishi la uongozi, litakalobandikwa mlangoni, kwamba mama anaruhusiwa msindikizaji mmoja anayemtaka. Bila agizo hilo, mapazia yatategemea ni nani yuko zamu.

Kwa upande wetu tumejipanga. Wakunga wamekubali kutufundisha wasindikizaji, nasi tumeandika masharti na kuyasaini: kunawa mikono, kutogusa vifaa, kutopiga picha, kutofungua pazia la mwenzio, na kutoka bila ubishi mkunga akisema toka. Atakayevunja hatasindikiza tena. Kazi ya msindikizaji ni kusugua mgongo, kumpa mama maji, kumsaidia kusimama na kutembea, na kuita haraka akiona damu. Hakuna anayetaka kuchukua kazi ya mkunga. Tunataka mkunga awe na macho ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, heshima tuliyonayo kwako inatulazimu tukueleze pia kwamba ombi hili si jipya. Aya ya mapazia uliyoisikia tumeinakili kutoka risala ya mwaka jana, ambayo iliinakili ya mwaka juzi. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapo ulipo wewe akasema hilo ni dogo, lihesabiwe limekwisha. Tulipiga vigelegele hadi watoto wakaamka. Wiki iliyofuata walikuja vijana wawili na futi, wakapima chumba, wakaandika, wakaondoka. Hatukuwaona tena. Mgeni rasmi wa mwaka jana alisikitika kusikia hivyo, akaahidi kulifuatilia yeye mwenyewe, akapiga picha nasi. Picha tulitumiwa. Tumeandika barua tatu za kukumbusha. Nakala zimo kwenye bahasha utakayokabidhiwa, pamoja na vipimo vya chumba, kwa kuwa tulivinakili vijana wale walipokuwa wakipima.

Tunaelewa kwamba ofisi zina taratibu na fedha zina safari ndefu. Utuelewe na sisi. Ahadi ya kwanza ilipotolewa, mwenyekiti wetu alikuwa na mimba ya miezi saba, na alitabasamu akijua hatakuwa peke yake. Alijifungua peke yake. Mtoto huyo sasa anatembea, na ndiye aliyekukabidhi ua pale getini. Mama yake ana mimba ya pili, ya miezi saba tena. Wanachama wa kikundi hiki hubadilika kila baada ya miezi michache. Wanaoahidiwa sio wanaokuja kuuliza ahadi imefikia wapi, na huenda ndiyo maana imekuwa rahisi kuisahau. Safari hii tumeamua kwamba waliokwisha kujifungua hawatoki kikundini mpaka mapazia yatundikwe.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 wanawake zaidi ya 700 walikufa kila siku duniani kwa sababu za mimba na uzazi zinazoweza kuzuilika. Hatusemi mapazia manne yatawaokoa wote hao. Tunasema katika chumba chetu yataongeza mtu mmoja wa kuona na kuita, kando ya kila kitanda, kila usiku.

Hatuombi ahadi leo, Mheshimiwa. Tunaomba utaje tarehe, na jina la mtu katika ofisi yako ambaye katibu wetu atampigia simu. Kama utaona ni vigumu kutaja tarehe mbele ya hadhara, tutaridhika ukimwandikia Mganga Mfawidhi kabla hujaondoka. Karatasi na kalamu vimo kwenye bahasha.

Na kabla ya zawadi na picha, tunakuomba utembee nasi mpaka chumba cha kujifungulia. Ni hatua chache kutoka hapa. Asubuhi hii hakuna mama ndani, mkunga wa zamu anakusubiri mlangoni, na mwenyekiti wetu atakuonyesha kitanda chake.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu,
kwa niaba ya wanachama wote