Kibodi ikigoma, kompyuta isifomatiwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie mafundi wa kompyuta wa jijini Mbeya pamoja na wateja wao, kuhusu kazi za watu zinazopotea bila sababu ya msingi. Microsoft ilifunga rasmi huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi tulizonazo majumbani haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 au prosesa zake ni za zamani. Ndiyo maana baadhi yetu, hasa walimu na wanafunzi wa vyuo, tumeweka Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, kando ya Windows katika diski ileile, ili mtu akiwasha kompyuta achague mfumo anaoutaka. Ni mpango mzuri na hauhitaji fedha. Tatizo huja siku ambayo menyu ya kuchagua inaonekana, mtumiaji anashuka kwa vitufe vya mishale kama kawaida, mfumo unafunguka hadi mahali pa kuandika nywila, kisha hakuna herufi inayoingia wala mshale wa kipanya unaosogea.

Mwalimu mwenzangu alipatwa na hali hiyo msimu wa mvua uliopita. Aliipeleka kompyuta yake kwa fundi, akamweleza waziwazi kwamba upande wa Windows kibodi inaandika vizuri na inagoma upande wa Ubuntu, yaani aina mojawapo ya Linux, tu. Fundi alimjibu kwamba dawa ni kupiga Windows upya, akaifomati diski nzima, na ndani yake zikapotea alama za wanafunzi wa kidato cha nne pamoja na rasimu ya tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Kompyuta ilirudi ikiwa na kibodi inayoandika, na fundi alilipwa ujira wake. Lakini maelezo aliyopewa mwanzoni yalitosha kuonyesha kwamba kibodi, waya, tundu la USB na bodi kuu vyote vilikuwa vizima, na kwamba upande wa Windows haukuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kompyuta yenye mifumo miwili inampa fundi kipimo ambacho kompyuta ya mfumo mmoja haina. Kifaa kikifanya kazi katika mfumo mmoja na kugoma katika mwingine, karibu kila mara kifaa ni kizima na kasoro imo katika mfumo uliogoma, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuza kibodi mpya wala kuituhumu bodi kuu. Kikigoma katika mifumo yote miwili, na hata katika menyu ya mwanzo na kurasa za BIOS (programu ya mwanzo iliyomo katika bodi kuu), hapo ndipo tuangalie waya, tundu, betri au kibodi yenyewe. Na kikifanya kazi katika menyu kisha kikafa katika mifumo yote miwili, tutazame mipangilio ya BIOS, hasa inayohusu USB.

Sababu ya tofauti hizo inaeleweka ukijua nani anaisikiliza kibodi na kwa wakati gani. Kompyuta inapowaka, kibodi husikilizwa na programu ndogo iliyomo katika bodi kuu, na menyu ya kuchagua mfumo huitegemea programu hiyo. Mara tu mfumo ulioteuliwa unapoanza, kiini chake, yaani kerneli, hukabidhiwa vifaa vyote na kuvisikiliza kwa draiva zake chenyewe, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa. Makabidhiano hayo yakivurugika, au draiva zikikosekana, kibodi iliyokuwa inaandika sekunde chache zilizopita hunyamaza. Windows 7, kwa mfano, haikutoka na draiva za USB 3.0, na mwenye kuitumia bado huponya tatizo kwa kuhamisha waya kutoka tundu la bluu kwenda tundu jeusi la USB 2.0, ikiwa kompyuta yake inalo. Katika bodi nyingi kuna pia kipengele cha BIOS kinachoitwa XHCI Hand-off, cha kukabidhi USB kwa mfumo, ambacho kikizimwa kinaweza kuleta mgomo huohuo.

Kwa upande wa Linux, naomba mafundi wetu waipe uzito sababu moja inayotuhusu sana watu wa nyanda hizi, nayo ni umeme kukatika katikati ya masasisho. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi na mvua zinapopiga Mbeya, Tukuyu na Njombe, umeme unaweza kuzima wakati wowote. Ubuntu inapojisasisha huleta kerneli mpya na draiva zake, ambazo huwekwa katika folda iitwayo /lib/modules. Kazi hiyo ikikatizwa, kerneli mpya inaweza kuwa imeshakaa mahali pake huku draiva zake zikiwa nusu. Mashine itawaka hadi kuonyesha picha, lakini kibodi, kipanya na wakati mwingine hata mtandao havitafanya kazi. Mtumiaji akiona vitu vyote vimekufa kwa pamoja, ni rahisi kuamini kwamba bodi kuu imeungua kwa radi.

Tiba yake haifuti faili hata moja. Katika menyu ya mwanzo, ambako kibodi bado inasikika, huchaguliwa mstari wa Advanced options, kisha kerneli ya zamani, kwa kuwa kwa kawaida Ubuntu huiacha iliyotangulia ikiwa salama. Mfumo ukifunguka kwa kerneli hiyo, kibodi huandika tena. Hapo hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia yale yaliyokatizwa, na baada yake sudo apt -f install, ambayo hurekebisha vifurushi vilivyobaki pungufu. Kompyuta ikiwashwa upya kwa kerneli mpya, mara nyingi mambo yamekwisha.

Kabla ya hapo, kuna taa ndogo ya Caps Lock ambayo fundi makini haipuuzi. Mfumo ukiwa umefunguka na herufi haziingii, bonyeza kitufe hicho. Taa ikiwaka na kuzima, mfumo unaisikia kibodi, na huenda tatizo limo katika sehemu inayochora dirisha na picha. Katika Linux, Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja huweza kukufikisha kwenye skrini ya maandishi ambako unaweza kufanya matengenezo. Taa isipobadilika, ingawa ilimulika kompyuta ilipowashwa, kibodi inapata umeme lakini huenda hakuna anayeisikiliza.

Kwa wenye kompyuta mpakato, chanzo kingine ni Fast Startup, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukiizima Windows yenye kipengele hicho, haizimiki kabisa, bali huhifadhi hali ya kiini chake katika diski ili kesho iwake haraka. Ukiingia Linux baada ya hapo, unaweza kuikuta padi ya mguso au kifaa kingine hakijitambui, na sehemu ya diski ya Windows haipaswi kuandikwa chochote ikiwa katika hali hiyo. Kipengele hiki huzimwa katika mipangilio ya umeme ya Windows, au mtu ashikilie Shift anapobofya Shut down. Mimi ningeshauri kizimwe moja kwa moja katika kila kompyuta ya mifumo miwili.

Vipanya vya Bluetooth navyo vinawatia watu hasara. Kila mfumo hutunza ufunguo wake wa siri wa kuunganishwa na kipanya, na ukikiunganisha upya upande wa Linux, ufunguo uliobaki Windows unakuwa batili, hivyo kipanya kinaonekana kimekufa upande huo. Anayeanza kutumia kompyuta sasa na anunue kipanya chenye kipokezi cha USB, kwa sababu siri hiyo hukaa ndani ya kipokezi chenyewe. Na kwenye Windows, ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane unaweza kuwasha Filter Keys, na kibodi ikaanza kupuuza mibonyezo ya haraka; wenye watoto wadogo wakumbuke hilo kabla ya kwenda kwa fundi.

Ninachowaomba mafundi si kigumu. Kila mmoja awe na fleshi yenye Ubuntu inayoweza kujaribiwa bila kusakinishwa. Kibodi ikiandika ndani ya fleshi hiyo, kifaa ni kizima, na fleshi hiyohiyo itamsaidia kunakili faili za mteja kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya tunacho hapahapa, na ningefurahi kuona wanafunzi wanaokwenda mafunzo ya vitendo katika maduka ya Mwanjelwa na Kabwe wakiwa na fleshi hiyo mfukoni. Wateja nao wahakikishe wanao ufunguo wa BitLocker (kufuli la siri la diski katika Windows) wenye tarakimu 48 kabla fundi hajabadilisha mipangilio ya BIOS, kwa maana Windows inaweza kuudai mara baada ya mabadiliko hayo, na asiye nao hataziona faili zake.

Mwisho, kila duka linalopokea kompyuta liandike katika stakabadhi mambo mawili, yaani kifaa kinagoma upande upi na kinafanya kazi upande upi, na kama mwenye mali ameridhia kwa saini diski yake ifutwe. Pasipo na saini hiyo, diski isiguswe.

Mwalimu wa sekondari,
Uyole, Mbeya