Matokeo ya kidato cha pili yanapaswa kuhesabu na walioacha shule

Ndugu Mhariri,

Kila Januari, matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili yanapotoka, mazungumzo katika kata zetu huwa ni yaleyale: shule imefaulisha asilimia ngapi, na imeshuka au imepanda. Kwa shule ya kata yenye mkondo mmoja, iwe Bahi, Chemba au Chamwino hapa mkoani Dodoma, asilimia hiyo peke yake inapotosha wazazi, na inawaumiza walimu wanaohangaika kuwabakiza watoto darasani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wanafunzi 58 wameripoti kidato cha kwanza. Novemba ya mwaka unaofuata, 41 wamefanya upimaji na 33 wamefaulu. Taarifa itasomeka ufaulu wa asilimia 80. Wale 17 hawamo. Ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani unaonyesha waliosajiliwa, waliofanya na madaraja kwa wasichana na wavulana. Aliyeacha shule kabla ya usajili haonekani kokote. Sasa fungua rejista. Tuseme watano kati ya hao 17 walihama kwa barua na wanasoma kwingine. Waondoe. Wamebaki 53 ambao ni dhamana ya shule, na waliofaulu ni 33, yaani asilimia 62. Shule jirani iliyopata asilimia 70 bila kupoteza mtoto hata mmoja imefanya kazi kubwa kuliko hii, lakini kwenye kikao cha kata ndiyo itakayosemwa.

Neno "kufaulu" nalo litazamwe. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na anaingia daraja la nne. Amehesabiwa kuwa amefaulu sawa na mwenye pointi 7, yaani A zote saba. Kwa hiyo tangazeni daraja la kwanza hadi la tatu mbali, la nne mbali, na sifuri mbali. Na kwa kuwa katika watahiniwa 41 mwanafunzi mmoja ni karibu asilimia mbili na nusu, wawili wakiteleza shule "imeporomoka" kwa asilimia tano. Jumlisheni watahiniwa wa miaka mitatu kabla ya kumsifu au kumwandikia mkuu wa shule barua ya kujieleza.

Kazi yenyewe haihitaji kompyuta. Mwalimu wa taaluma achukue orodha ya walioripoti kidato cha kwanza, jina kwa jina, na mbele ya kila jina aandike jinsi, shule ya msingi aliyotoka, umbali wa nyumbani (chini ya kilomita 3, kati ya 3 na 5, zaidi ya 5), anaishi wapi siku za masomo (kwao, hosteli au chumba cha kupanga), na kama ana ulemavu. Kisha mwezi wa mwisho alioonekana darasani, na sababu. Hapa ndipo shule nyingi huharibu kwa kuandika "mtoro" kwa kila mtu. Aliyeacha kwa kuchunga ng'ombe, aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani na aliyepata ujauzito si kundi moja, wala hawarudishwi kwa njia moja. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, hivyo kuwe na safu ya "amerejea" yenye tarehe. Anayekariri darasa abaki kwenye orodha ya mwaka aliyoingia nayo, vinginevyo atahesabiwa mara mbili.

Wanaohamia nao waandikwe kando. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, shule za pembezoni mwa jiji hupokea watoto wa watumishi kutoka mikoa mingine, na baadhi yao wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Wachache tu wakiingia katika darasa dogo, ufaulu unapanda bila mtoto wa mkulima wa hapo kijijini kuongeza hata alama moja.

Orodha hiyo ikishakamilika, itazameni kwa miezi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Muhula wa kwanza unaanza wakati wa palizi, njaa ya kabla ya mavuno inaufuata, na mtama na uwele vikianza kukomaa watoto wanahitajika mashambani kuamia ndege. Majina yakikatika kati ya Februari na Mei, anzieni kwenye chakula cha mchana na makubaliano na wazazi, si kwenye viboko. Yakikatika kwa wanaotoka zaidi ya kilomita 5, hasa wasichana, tatizo ni malazi.

Kwa waliofanya upimaji, pitieni somo kwa somo. Kiswahili kikiwa juu huku Historia, Jiografia na Biolojia zimeanguka kwa pamoja, msikimbilie kuwalaumu walimu watatu. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na huko Chemba au Kondoa pengine nyumbani kwao ni Kisandawe au Kirangi. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza imemshinda kabla hajafika kwenye somo lenyewe. Hapo Kiingereza cha wiki za mwanzo za kidato cha kwanza ndicho kirefushwe. Hisabati ikiwa peke yake chini, ulizeni kama mwalimu wake alikuwepo mwaka mzima.

Tahadhari moja: kundi lenye wanafunzi chini ya watano lisibandikwe ubaoni. Kijijini, "wasichana wawili waliorejea" ni majina kamili.

Tunaomba maofisa elimu kata wadai jedwali hili pamoja na matokeo, Bodi za Shule zijadili jedwali hilo kabla ya kikao cha wazazi, na gazeti lako, Mhariri, linapoandika ufaulu wa shule yoyote ya kata, lianze na idadi ya walioripoti kidato cha kwanza.

Walimu wa taaluma na takwimu,
Chamwino, Dodoma