Yah: Malalamiko kuhusu matembezi ya Istanbul

Mwalo wa Kibirizi,
Kigoma.

Meneja,
Kampuni ya Utalii na Usafirishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, mmoja wa kikundi cha Kigoma mlichokipeleka Uturuki mwezi Januari. Ndege, hoteli na mizigo sina neno navyo. Neno ninalo na ukurasa wa pili wa brosha yenu, palipoandikwa kwamba tutaishi maisha ya mji pamoja na wenyeji wake. Hayo ndiyo yaliyonitoa fedha mfukoni.

Nilichokitaka nilikisema mapema kwa simu. Watu wa Istanbul wana samaki wao mdogo wa Bahari Nyeusi, hamsi, ambaye msimu wake ni majira ya baridi. Wanamgaragaza kwenye unga wa mahindi, wanamkaanga. Nilitaka kumwona sokoni Kadıköy: anapimwaje, anapangwaje mezani, bei wanapatanaje. Kijana wenu wa ofisini akanijibu, "Mama, hilo limo." Kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni feri ya dakika kama 20 tu, ile ile wanayopanda wafanyakazi na wanafunzi, unapandia upande wa Ulaya, unashukia Asia. Hatukuipanda. Daraja la Galata, wanakojipanga wavuvi wa ndoano, tulilipita ndani ya basi. Niliambulia kuona ndoo mbili tatu za samaki kupitia kioo chenye ukungu, basi likakata kona.

Muda wetu uliishia madukani. Asubuhi mazulia, mchana makoti ya ngozi, kesho yake vito. Kwenye mazulia tuliketishwa kwenye mabenchi, tukaletewa chai ya tufaha katika vibilauri vidogo, mlango ukafungwa, vijana wakaanza kukunjua zulia juu ya zulia. Zulia la hariri nitalitandika wapi mimi, juu ya vichanja vya dagaa? Wakati wa kutoka nilimwona kiongozi wenu akisaini daftari la mwenye duka, na mbele ya jina lake imeandikwa idadi yetu. Nimekulia sokoni, kamisheni naitambua hata ikiwa ya Kituruki. Mtu kula asilimia yake si kosa, ila asiile kwa saa nilizozilipia mimi.

Ijumaa wazee wa Ujiji tuliokuwa nao waliomba wakaswali Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita. Wakaambiwa ratiba haina nafasi. Adhana iliwakuta wanajaribishwa makoti. Mmoja wao ameniagiza niliandike hili kwa herufi kubwa. Nimeona hizi za kawaida zinatosha.

Halafu Kapalıçarşı, soko la kuezekwa lenye maelfu ya maduka, lililoanza kujengwa miaka michache baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji mwaka 1453. Mlitupangia Jumapili. Jumapili soko lile hufungwa! Tukapiga picha mbele ya lango lililofungwa, kisha, kama mnavyoweza kukisia, tukapelekwa duka jingine. Kampuni inayouza safari za Istanbul haiwezi kuniambia haikujua hilo.

Naomba nirudishiwe nusu ya gharama za matembezi. Za ndege na hoteli sizidai. Risiti na ratiba nimeambatanisha, na wenzangu wamesaini nyuma ya barua hii. Ile ahadi ya punguzo kwa safari ijayo, aliyoidokeza kijana wenu, siitaki. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nakala itakwenda Tume ya Ushindani.

Nasikia sasa mnakusanya kikundi cha Kasulu. Kabla hawajalipa, waonyesheni ratiba yenye majina ya maduka yote.

Wenu,
Mteja wa Kibirizi,
kwa niaba ya kikundi.