Mikono Yako Imenifuata Mpaka San Diego

San Diego,
3 Agosti 2025

Kwako Vidole,

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Unaona sijasahau? Mwalimu wetu wa Kiswahili angenipa vema hapo.

Nilikuahidi kwamba nikitoka Comic-Con, lile tamasha kubwa la katuni, ningekupigia simu siku ileile. Sikupiga. Leo siku ya tisa, na nimeona jambo lenyewe haliingii kwenye simu, maana wewe ukishaanza kucheka mimi hugeuza habari. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Kwanza pale mahali penyewe. Jengo liko ukingoni mwa bahari, refu, la vioo, ukilitembea mwanzo hadi mwisho ni kama mita 800. Mwaka 1970 walipoanza, kwenye hoteli moja katikati ya mji, walikuja watu kama 300. Siku hizi wanapita 130,000. Treni nyekundu ya mjini ilijaa toka vituo vya mbali, na mbele yangu alisimama baba mtu mzima, kitambi chake, kavaa joho na pembe kichwani, kampakata mtoto aliyelala. Hakuna aliyemshangaa. Kuna ukumbi wanauita Hall H, unaingiza watu kama 6,500, na wapo wanaolala nje kando ya barabara ili asubuhi waingie kuwaona waigizaji wa sinema. Mimi hayo yote niliyapita kama mtu anayewahi maziko, folda kwapani.

Wanaopitia kazi za wachoraji wako ghorofani, chini ya paa jeupe lililovutwa kwa kamba kama matanga ya jahazi. Na ndiyo jina lake hasa, Sails Pavilion, yaani banda la matanga. Nikajisemea, mtoto wa Tanga kaja kuhukumiwa chini ya matanga. Kwa jinsi nilivyotoka pale, bwana, yalikuwa matanga kwa maana zote mbili.

Meza ya kwanza sina mengi ya kusema. Kijana wa kampuni fulani, jina nalihifadhi, alifunua kurasa kama mtu anayehesabu noti, akasema kazi nzuri, endelea, akanirudishia. Dakika mbili hazikutimia. Nilivyopanga foleni, Vidole! Sifa za namna ile hata mbuzi angepewa.

Meza ya pili alikuwepo mzee mmoja, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, kidole gumba kina wino mweusi usiotoka. Kabla hajafungua folda nikaanza: huu ukurasa niliuchora usiku baada ya kazi, huu karatasi iliniishia, huu sijaumaliza. Akaninyamazisha kwa upole. Akaniuliza, "Msomaji akinunua kitabu, utakwenda naye nyumbani umweleze?" Nikafunga mdomo.

Ukurasa wa kwanza akautazama muda mrefu, wa pili akaupita, akarudi wa kwanza. Unaijua ile hadithi yangu ya konda wa daladala anayesikia mawazo ya abiria. Nilipeleka kurasa 12. Akasema zingetosha tano, ila zifuatane na zisomeke bila mtu kuniuliza kitu. Michoro yangu ile ya mtu mmoja kasimama kifua mbele, ile ambayo watu huku huipenda wakiiona kwenye simu yangu, aliitoa akaigeuza kifudifudi mezani. Hii ni mapambo, alisema. Anayetafuta mchoraji wa hadithi anataka kuona watu wakifanya kitu, wakiwa mahali, wamevaa nguo za kawaida, na gari lenye magurudumu yaliyokaa chini, siyo yanayoelea.

Halafu akaweka kidole kwenye boksi la kwanza. Konda anadai nauli, abiria anajibu kwamba keshalipa. Lakini konda nilimweka kulia na abiria kushoto, na macho ya huku, kama ya kwetu, yanaanza kushoto. Kwa hiyo msomaji anakutana na "Nimeshakupa!" kabla ya "Nauli!" Ili kujiokoa nilivutia vile vikia vya viputo vya maneno vikapishana katikati kama nyaya za umeme uchochoroni. Jambo dogo kabisa. Ukishaonyeshwa huwezi tena kutoliona, na limo kwenye kurasa saba kati ya 12. Na kuanzia ukurasa wa pili nimechora vichwa vitupu, akaniuliza, "Bado tumo ndani ya gari, au wameshashuka?" Mimi mwenyewe ilibidi nifikirie.

Haya nilikuwa nayavumilia. Nilikuwa naandika hata kwenye daftari. Ndipo akashusha miwani.

"Watu wako," akasema, "mbona wameficha mikono?"

Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani. Akaanza kunionyesha, taratibu, bila ubaya. Huyu kaiweka mfukoni. Huyu nyuma ya mgongo. Mama huyu iko ndani ya kanga. Huyu boksi limemkata kwenye viwiko. Dereva kashika usukani, lakini kichwa cha abiria kimekaa palepale kwenye usukani. Na konda, mtu ambaye maisha yake yote ni mkono, mkono wake uko nyuma ya mlango!

"Hizo hela anazishikaje?" akaniuliza.

Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza. Nikatoa mfukoni noti tatu za dola moja moja, nikazikunja kwa urefu, nikazipachika katikati ya vidole, ya kwanza hapa, ya pili hapa, ya tatu hapa, kidole gumba nikakiacha huru kwa ajili ya sarafu, nikagonga meza mara mbili kama anayegonga bodi. Mzee akaegemea nyuma. "Chora hiyo," akasema. "Kwa nini hiyo haimo humu?"

Kwa nini haimo unajua wewe na mimi tu. Darasa zima lilijua, lakini hao wameshasahau. Mimi ni Vichwa, wewe ni Vidole. Toka darasa la sita, tukikaa kwenye baraza ya kwenu Ngamiani, mimi nachora sura na maneno, nakusukumia daftari, wewe unaweka mikono na miguu, unanirudishia nipake weusi. Shilingi 50 kusoma, na anayesoma hatoki nje ya baraza. Tulikuwa tunawaiga kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa kutoka magazeti ya katuni ya Sani, yale ya zamani ya mjomba wako, mpaka tukapata watu wetu. Huku nimekuja kuona kwamba ndivyo kazi hii inavyofanyika mara nyingi Marekani: mmoja anatunga, mmoja anachora kwa penseli, mwingine anapitisha wino, mwingine rangi, mwingine maneno. Tulikuwa kiwanda na hatujui. Tofauti ni kwamba hakuna kiwanda duniani kinachoajiri mchoraji wa mikono peke yake, wala asiyeichora.

Sasa sikiliza lililonifanya nisipige simu.

Ile folda ina mfuko nyuma. Humo huwa naweka karatasi moja ya lile daftari letu, ya mistari, imeshakuwa rangi ya chai. Naibeba kama hirizi, toka niondoke nyumbani. Ni ile ya bibi anachambua mchele kwenye ungo huku anamsema mjukuu. Mzee alikuwa anarudisha kurasa mahali pake ikamdondokea. Akaiokota. Akaivuta karibu, akaondoa miwani kabisa. Kiswahili hajui hata neno moja, kwa hiyo maneno yangu hayakumsaidia kitu. Alikuwa anatazama vile vidole vya bibi, kimoja kimeinuka kidogo, kile ulichokiinua kwa sababu bibi yako alikuwa na kidole kisichokunjika. Kwa bic, bila kufuta hata mara moja. Na ule mkono mwingine unaoupiga ungo kwa chini.

"Hii nani kachora?"

Pembeni pale chini pana sahihi. Vidole, jina lililopo pale ni langu peke yake. Unakumbuka kwa nini? Mimi nakumbuka vizuri. Siku ile mwalimu alipolikamata daftari akalisifu badala ya kulichana, akauliza la nani, mimi nikanyoosha mkono kwanza, na jioni yake nikapita ukurasa kwa ukurasa naweka sahihi. Wewe uliona. Hukusema kitu, ukaendelea kunichorea mikono mwaka mzima.

Basi pale mezani nilikaa kimya, nadhani sekunde tatu, na kwenye hizo sekunde tatu nilikuwa naitafuta sauti ya kusema "Mimi." Sahihi ilikuwa inanitetea. Nakuambia ukweli wangu wote, ilikuwa imeshafika kooni.

Nikasema sura ni zangu, mikono ni ya rafiki yangu, yuko Tanga, anaandika mabango.

Mzee hakushangaa wala hakutoa hotuba. Alisema tu, "Basi mwombe akufundishe," akaandika jina la mchoraji wa katuni Will Eisner nyuma ya kadi yake, akaniambia nitafute kazi zake nitazame jinsi watu wake wanavyozungumza kwa mabega na mikono kabla ya kufungua mdomo. Eisner alifariki mwaka 2005. Tuzo za vitabu vya katuni zinazotolewa hapa San Diego kila Julai zina jina lake. Nyuma yangu msichana mmoja alikuwa ameshasogeza folda lake mezani. Zamu yangu imekwisha. Kazi sikupata, kama ulikuwa unangoja kusikia hilo. Hakuniambia hata nirudi mwakani, ingawa nitarudi nikipata tiketi, na tiketi zenyewe ni kukaa kwenye foleni ya intaneti ukiomba dua.

Kwenye treni nikahesabu. Kurasa 12, watu 38, kwa hiyo mikono 76. Inayoonekana ni 17. Katika hiyo 17, 11 ni ngumi. Ngumi ni rahisi, unachora kiazi unakitia mistari minne. Nilicheka peke yangu mpaka mtu mmoja aliyejipaka rangi ya kijani mwili mzima akaniangalia kwa wasiwasi.

Toka siku ile nimekuwa kama mgonjwa. Kazini jikoni, wenzangu wengi wanavuka mpaka kila asubuhi kutoka Tijuana, upande wa Meksiko, na yupo mama mmoja anakata vitunguu huku kapiga soga, vidole vya mkono wa kushoto kavikunja ndani, kisu kinapita kwenye maungio kama kinaviramba, wala hakivikati. Miaka miwili nimesimama pembeni yake nikiosha masufuria na sikuwahi kuviona. Juzi nilimchora kwenye boksi la mayai wakati wa mapumziko. Akaangalia akauliza kwa nini nimempa vidole sita.

Kwa hiyo nina ombi, na usinicheke, au cheka halafu ufanye. Ndani ya bahasha kuna nakala za kurasa tatu, ile ya konda na mbili zinazofuata. Zile sehemu za mikono nimezifuta. Usinichoree humo! Najua utashawishika. Chora pembeni, kwenye karatasi yako, kwa bic, kubwa, na uandike kwa maneno unaanzia wapi: kiganja kwanza au kidole gumba, au unaanzia kwenye ile kazi ambayo mkono unaifanya. Sijawahi kukuuliza. Miaka yote ile nilikuwa nakusukumia daftari naangalia barabarani.

Na ukipata nafasi piga picha kwa simu: konda na noti zake, akina mama wa vitumbua wanapogeuza kwa kile kijiti, fundi baiskeli akiwa anapachika mnyororo, na mkono wako mwenyewe ukiwa unaandika kwenye madigadi. Usiwapange watu. Ukiwaambia unawapiga picha watakunja ngumi.

Hela ya bando nimeituma kwa shemeji, maana nikiituma kwako utanunua rangi. Msalimie sana mama, mwambie bada la huku nilijaribu kulipika kwa unga wa muhogo wa dukani na lilinishinda. Wanangu nao wasalimie, yule mdogo mwambie yule mtu wa pembe nimemchora, yumo humu kwenye bahasha, mikono iko chini ya mtoto aliyembeba lakini hiyo siyo kosa langu, ndivyo alivyokuwa.

Karatasi ya bibi nayo imo. Ni ile yenyewe; mimi nimebaki na kopi. Jina lako nimeliongeza pale chini karibu na langu. Nimetumia bic ya bluu kama ile ya zamani lakini hazifanani, langu limeshafifia na lako linang'aa kama limeandikwa leo asubuhi, maana ndivyo.

Wako,
Vichwa