Mama, nakujibu lile swali la majani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, masomo yanaendelea, na baridi ya hapa Uingereza nimeshaizoea. Wasalimie wote hapo Korogwe. Mwambie Bibi shuka lake ndilo ninalojifunika.

Jumapili uliniuliza hasa ninasomea nini kwenye majani, mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Ninasomea utando, Mama, yaani ngozi nyembamba mno iliyomo ndani ya jani.

Kile kisamvu unachokitwanga kimejaa vichembe vya kijani visivyoonekana kwa macho, vinaitwa kloroplasti. Kila kimoja kimefunikwa na tando mbili, na ndani mna utando mwingine, umejikunja ukawa vifuko bapa vilivyopangwa kama chapati kwenye sahani. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani, umekaa kwenye utando huo wa ndani. Mwanga ukiupiga, maji yanavunjwa, oksijeni tunayovuta inatoka, na protoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji chanya, zinasongamana ndani ya vifuko.

Wiki iliyopita nilisaga spinachi maabara, nikachuja kwa kitambaa, nikapata maji mazito ya kijani kibichi. Yalitakiwa yakae kwenye barafu muda wote. Mimi nikayasahau mezani. Nilipoyawekea dawa ya buluu, ambayo hufifia mwanga ukifanya kazi yake, chini ya taa, rangi ilififia upesi kuliko kawaida, nikafurahi sana. Kumbe nilipopima ATP, ile chembe inayobeba nguvu ambayo jani huitumia kutengenezea sukari, hapakuwa na kitu. Mwanga ulikuwa unafanya kazi, lakini tando zilikuwa zinavuja.

Unakumbuka Baba alivyotupeleka kuona mitambo ya umeme ya Hale? Maji ya mto Pangani yanaizungusha kwa sababu yanatoka juu kwenda chini, na hayana njia nyingine ila ile ya bomba. Kwenye jani ni hivyo hivyo. Protoni zikijaa upande mmoja wa utando, hutoka kwa kupitia kijimtambo kilichopachikwa humo, nacho huzunguka kweli kweli. Mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP. Utando ukivuja, zinapita popote na mtambo unasimama.

Mwingereza Peter Mitchell aliyasema haya mwaka 1961, na wengi hawakumwamini. Mwaka 1966, huko Marekani, Jagendorf na Uribe waliloweka tando za spinachi kwenye asidi, yenye protoni nyingi, gizani, kisha wakazihamishia ghafla kwenye maji yenye alkali, yaani kinyume cha asidi. ATP ikatengenezeka bila mwanga hata chembe! Tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando ilitosha. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Usiku niliposoma habari hiyo sikupata usingizi, nikatamani ungekuwa karibu nikusimulie.

Kesho narudia kazi yangu, na barafu nimeshaiandaa ndoo mbili. Nitakupigia Jumapili mkitoka kanisani.

Mwanao akupendaye